Kapteni Skola na Mizani ya Mpunga

Tangu nirudi kutoka Majimoto, kila mtu wa kwaya ananivuta pembeni nimweleze ilikuwaje. Nimeshasimulia msibani, nimesimulia kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na mara moja nilianza kusimulia katikati ya mazoezi, mwalimu wa kwaya akanikata jicho. Sasa naandika. Mpeane, msome, mniache nishone sare zenu ambazo kila siku mnaziulizia. Mambo ya kupanga safari nayaruka, hayana utamu wowote.

Kwa wasiomjua vizuri shangazi yangu Skolastika: ni dada yake baba, na ndiye mwanamke wa kwanza wa huku kwetu kurusha ndege. Enzi zake alikuwa anapeleka dawa na manesi kwenye viwanja vya nyasi, kule ambako masika ikishika, barabara inageuka mto. Sasa amestaafu, anafuga kuku Mwamkulu, lakini miwani myeusi bado anavaa, hata jikoni. Kuku wake wanatoka bandani kwa zamu, na anayesukuma mwenzake anarudishwa nyuma. Sisi wote tunamwita Kapteni, hata paroko.

Safari yenyewe aliisababisha binti anayeitwa Neema, wa Majimoto. Neema amepata nafasi ya kusomea urubani. Bibi yake, ambaye ndiye amemlea, akakataa. Hakutaja ada wala umbali. Alisema tu, "Kazi ya wale watu siitaki kwangu," akafunga mdomo. Neema naye ni wale watoto ambao hawatoki nyumbani bila baraka, akasema bibi asipokubali, yeye anabaki kupanda mpunga. Ukoo ukapanga kikao Jumapili baada ya ibada. Kikao kikiisha bila jibu, nafasi anapewa mwingine.

Neema akampigia simu shangazi, na alikuwa na sababu. Mwaka mmoja wa mafuriko, shangazi ndiye aliyempakia huyo bibi kwenye ndege, akiwa mwanamke kijana ameshikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza, akamleta hospitali Mpanda. Mtoto aliyezaliwa ni Anjela, mama yake Neema. Siku hizi Anjela anafanya biashara Tunduma, na alishasema neno la mama yake ndilo neno.

"Yule mama ananikumbuka kama malaika," shangazi akaniambia. "Nikiingia tu mlangoni, kikao kimekwisha. Funga mzigo, na uwe mwepesi."

Mpanda hadi Sitalike

Jumamosi asubuhi tulipanda Noah ya dereva mmoja mpole anaitwa Shabani. Nasema tulipanda, lakini kwanza Kapteni aliizunguka ile gari kama mnunuzi wa ng'ombe. Alipiga matairi teke, akanusa oili, akalala chini kwa kitenge chake kizuri akachungulia uvunguni.

"Mafuta umeweka lini?" akauliza akiwa huko huko chini.

"Asubuhi, mama."

"Umetoa maji kwenye mafuta?"

"Mama, hii ni gari."

"Nimeona ni gari. Nimeuliza maji."

Shabani akanitazama mimi. Nikajifanya nafunga begi.

Alipotoka uvunguni alichana kipande cha kilemba changu, bila kuniomba, akakifunga kwenye antena ili tuujue upepo unatoka wapi. Kisha akawashusha abiria wote. Jirani na stendi kuna mfanyabiashara wa mpunga mwenye mizani ile ya chuma, ya kusimama juu yake. Kapteni akasema hakuna chombo kinachoondoka bila kujua uzito wake. Mtaniuliza kwa nini watu walikubali. Nami nawauliza, nyie mmewahi kumkatalia?

Wa kwanza alikuwa mchungaji mmoja mnene, mwenye suti, aliyekuwa amekaa mbele kwa heshima zake. Kapteni alisoma kilo zake kwa sauti ambayo hata wauza nyanya ng'ambo ya barabara waliisikia, akamhamishia katikati. "Ukikaa mbele unatuzamisha pua," akamwambia. Mama mmoja aliyebeba kuku wawili alicheka mpaka akapaliwa. Zamu yake ilipofika, kilo zake nazo zikatangazwa, na kicheko kikaishia pale pale. Kuku walipimwa peke yao.

Mimi aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mnajua kazi yangu. Kiuno cha mteja ni siri yangu na yake na futi yangu, na nguo ikihitaji kuongezwa upana namwambia kitambaa kimesinyaa. Nikamnong'oneza, "Shangazi, taratibu basi, watu wanasikia." Akanijibu kwamba uzito ni uzito.

"Na wewe Kapteni, hupandi?" mchungaji akauliza, na nilimwona ana haki ya kuuliza.

"Rubani hapimwi. Zangu nazijua, hazijabadilika tangu chuoni."

Tulivyoondoka alisimama akiwa ameinama, akatukaribisha abiria, akatuonyesha milango ya kutokea, ambayo ilikuwa miwili na mmoja haufunguki, akatutangazia kwamba hali ya hewa Sitalike ni vumbi.

Sitalike

Tulisimama kula. Nilikula ugali na samaki wa kukaanga, na viboko kule mtoni walikuwa wanaguna kama wazee wanaosubiri pensheni. Ule ugali ningeumaliza kwa amani, lakini Kapteni alikuwa anawahesabia abiria matonge. Mchungaji alipoongeza sahani ya pili, shangazi akaweka kijiko chini.

"Hesabu zimebadilika," akasema. "Tunapima upya."

Pale pana mnunuzi wa mahindi mwenye mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoano. Mchungaji hakuweza kuning'inia, kwa hiyo ikapimwa mizigo tu. Nadhani ni hapo kosa lilipotokea. Akina mama wa jirani waliona mama mtu mzima mwenye miwani na sauti ya amri anapima vitu kwenye ndoano, wakajua kliniki ya watoto imekuja leo bila kutangazwa. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye samaki, foleni ilikuwa imefika barabarani, na kila mmoja ana mtoto na kitenge cha kumning'inizia.

"Daktari, wangu hali," akasema wa kwanza.

"Mimi ni rubani."

"Sawa daktari, lakini hali."

Shangazi aliitazama ile foleni, akatazama barabara, akavuta pumzi. Basi akawapima. Aliwapima wote, na kilo za kila mtoto akazitangaza, na akina mama walifurahi sana, maana kilo za mtoto zikitangazwa ni sifa. Waliambiwa wawape karanga, wawape dagaa, wawape uji wa ulezi. Mama asiyelisha vizuri alifokewa. Shabani alipiga honi mpaka honi ikaishiwa sauti. Jua lilikuwa limeshaanza kuelekea magharibi tulipoingia hifadhini, na mimi nilikuwa nawaza kikao cha Jumapili.

Ndani ya hifadhi

Wanaosema barabara ya hifadhini ina raha hawajawahi kukutana na mbung'o. Wale nzi wanauma juu ya jinzi, wanauma juu ya suti ya mchungaji, na ukiwapiga wanakutazama tu. Gari zima tulikuwa tunajipiga makofi na kupigana makofi. Mama wa kuku alinipiga shavu, akaomba radhi, akanipiga jingine.

Katikati ya makofi hayo shangazi alisimulia habari ya Anjela. Tulipotoka Mpanda alikuwa ameshaisimulia mara moja, na humo mtoto alikaribia kuzaliwa angani. Sitalike, kwa akina mama, mtoto alizaliwa ndege ikigusa ardhi. Sasa humu hifadhini, Anjela alizaliwa juu ya mawingu, radi zinapiga kulia na kushoto, shangazi mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umempokea mtoto, na chini yao nyati wamesimama kimya wanatazama juu.

"Nyati waliwaona vipi kama mlikuwa juu ya mawingu?" mchungaji akauliza.

"Yalikuwa na matundu," akasema shangazi.

Hapo hapo gari ikakohoa, ikakohoa tena, ikazima. Mbele yetu, mbali kidogo, kulikuwa na tembo wanavuka bila haraka. Shabani alijaribu ufunguo, gari ikaguna tu. Shangazi akamtazama juu ya miwani.

"Maji," akasema.

Tembo walipomaliza kuvuka, wawili hao walishuka wakafungua chujio la mafuta, na kweli kilitoka kikombe kizima cha maji. Gari ikawaka. Kuanzia pale Shabani alikuwa anaitika "ndiyo Kapteni" hata pale ambapo hajaulizwa, na mchungaji alikaa katikati bila kunung'unika.

Kibaoni

Tulifika Kibaoni jioni, Noah ikaishia hapo. Tulipata chumba chenye kitanda kimoja na chandarua chenye matundu kama yale ya mawingu. Asubuhi, tukiwa kwenye supu na chapati, shangazi hakula. Alikuwa anazungusha kikombe cha chai.

"Unajua baada yangu hakuna binti wa huku aliyerusha?" akaniambia. "Hata mmoja. Nilidhani nikifungua njia watafuata. Nikipita mjini wanasema yule mama wa ndege, wanacheka, wananisalimia vizuri, basi. Huyu Neema asipokwenda, mimi nitakufa kituko."

Nilimsogezea chapati yangu, akaila yote, nikajua amepoa kidogo.

Pikipiki alizikataa, akasema chombo kisicho na mlango hakiwezi kumfikisha mtu kwenye kikao. Tukapata pawatila, ile mashine ya kulimia majaruba, imefungwa tela nyuma na inaenda Majimoto kuchukua mpunga. Nayo haina mlango, lakini shangazi alipenda jinsi injini ilivyo wazi mbele, unaweza kuiona ikifanya kazi. Dereva wake alikuwa Msukuma mcheshi anaitwa Masanja. Vumbi lilitufunika mpaka tukafanana, na kwenye makorongo tulikuwa tunaruka kuliko ndege yoyote.

"Mnaenda kwa nani, mayu?" Masanja akamuuliza shangazi kwa kupaza sauti; mayu kwao ni mama.

"Kwa bibi yake Neema. Yule wa kwenye mashine ya kukoboa."

"Aah, kwa Bibi Tisini." Akaanza kucheka peke yake.

"Tisini ndiyo nini?"

"Ndiyo jina lake. Mimi nimehamia nikalikuta." Akacheka tena, akakataa kusema zaidi. Shangazi akaniambia labda bibi ana ng'ombe tisini, ni jambo la heshima. Mimi nilianza kuwa na wasiwasi, kwa sababu nilikumbuka mizani.

Majimoto

Tulifika watu wanatoka kanisani. Kikao kilikuwa uani, nyuma ya mashine ya ukoo ya kukoboa mpunga. Viti vimepangwa, pumba zimefagiliwa, na Neema, binti mwembamba mwenye mikono isiyotulia, alikuwa anahudumia maji ya kunawa. Tulipewa kwanza wali wa pale pale, mweupe, unanukia, na kuku wa kienyeji. Bibi yake alikaa mbele yetu, mama wa makamo ya shangazi, mkubwa, mtaratibu, akitutazama tunavyokula bila kutabasamu. Alisema karibuni, basi. Shangazi alipoinama kumsalimia, aliitika na kutazama pembeni. Mjomba mmoja aliyekuwa anaongoza kikao akampa mgeni nafasi ya kusema.

Shangazi alisimama. Mawingu yakarudi, radi zikarudi, nyati wakarudi, na safari hii nadhani kulikuwa na simba. Alipofika pale anapompokea mtoto kwa mkono mmoja, bibi akainua kidole.

"Anjela alizaliwa hospitali," akasema. "Kesho yake. Nilikuwa nimeshakunywa chai."

Watu wakainamisha vichwa kuficha meno. Shangazi akasema, "Ilikuwa karibu."

"Kaa," bibi akamwambia. "Nikuulize. Mimi naitwa nani?"

Shangazi akanitazama. Mimi nilijua jina moja tu, na sikuthubutu kulitamka.

"Nimebatizwa Veronika," bibi akaendelea. "Lakini nilipopanda ndege yako nilikuwa nawaza jina jingine. Mwanamke akizaa mtoto wake wa kwanza, anarudi kijijini anaitwa kwa mtoto wake. Nililingojea hilo jina miezi yote tisa. Nikarudi na Anjela mgongoni, nashuka tu, soko zima linaniita Mama Tisini. Nilisema watasahau. Waliosahau wakahama, wakaja wageni, nao wakafundishwa. Sasa wajukuu zangu wenyewe wananiamkia shikamoo Bibi Tisini."

"Ni nani aliyekupa hilo jina?" shangazi akauliza, na aliuliza kwa huruma ya kweli, maskini.

"Wewe. Ulinipandisha kwenye mizani ya mpunga, uchungu umenishika, watu wote wa soko wamekuja kutazama ndege. Ukapaza sauti: tisini."

Nyie, nilitamani pumba zinifunike. Shangazi akarekebisha miwani.

"Nilipaza sauti kwa sababu ya injini."

"Injini ilikuwa imezimwa. Ilikuwa inasubiri nimalize kupimwa." Bibi akamwonyesha Neema kwa kidevu. "Huyu ni mtoto mpole. Akienda kwenye kazi yenu mtamfundisha kusema na watu hivyo. Simpeleki."

Neema aliweka chini lile birika la maji. Alisimama tu pale, hakulia, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

Shangazi akavua miwani. Sikumbuki lini niliwahi kuyaona macho yake mchana. Yalikuwa madogo na mekundu kidogo, macho ya mtu mzima aliyechoka na safari.

"Nilikuwa naogopa," akasema. "Uwanja ulikuwa tope. Mwisho wa uwanja kulikuwa na miti, na nilikuwa sijawahi kuondoka pale na mzigo. Ningekosea uzito tungebaki kwenye ile miti, wewe na mimi na huyo mtoto. Niliposema tisini nilikuwa najiambia mwenyewe ili nisisahau. Sikufikiria kama kuna mtu mwingine anasikia."

"Walisikia wote."

"Naona." Akaikunja miwani mkononi. Halafu akasema, polepole, "Nisamehe, Mama Anjela."

Bibi alimtazama muda mrefu, na niliona midomo yake inalirudia hilo jina bila sauti. Nikajua limemfika. Lakini Wapimbwe, kabila lake, si watu wa kumalizia jambo kwa maneno matupu.

"Nimekusikia," akasema. "Mizani iko pale."

Ilikuwa kwenye kona, karibu na magunia, ya chuma, ya kusimama juu yake. Shangazi akaanza kusema rubani hapimwi. Alipofika katikati ya sentensi akaona sura yangu, akaona sura ya Neema, akainuka. Akataka apande haraka yaishe, lakini bibi akamzuia kwa mkono, akaamuru geti lifunguliwe. "Subirini watu wajae," akasema. Wakajaa. Masanja aliacha magunia yake akaja mbele kabisa. Watu wa kwaya ya kule waliingia na majoho yao. Ndipo bibi akasogeza kile chuma cha mizani, taratibu, akirudisha nyuma, akisogeza tena, kama mtu anayekula muwa.

"Tisini na nne," akatangaza.

Kelele zilizotoka hapo siwezi kuziandika. Bibi mwenyewe alicheka mpaka akakaa juu ya gunia, anajifuta machozi kwa kanga. Shangazi akasema mizani ni mbovu. Akaambiwa ndiyo ile ile ya siku ile. Akasema ni viatu. Akavua viatu, ikabaki tisini na nne. Hatimaye akaanza kucheka na yeye, yuko juu ya mizani, peku, na nilivyomwona hivyo nilimpenda kuliko siku zote nilizomwona na miwani.

Tangu saa hiyo Majimoto nzima inamwita Kapteni Tisini na Nne. Tulipoondoka kesho yake hata watoto walikuwa wanamuaga hivyo, na wakati wa kupanda pawatila alimpungia mkono kila aliyemwita.

Ila nimeruka jambo. Kicheko kilipotulia, bibi aliinuka kwenye gunia, akamwita mjukuu wake.

"Neema, panda."

"Bibi, mimi nipimwe kwa nini?"

"Nataka ukirudi likizo nijue huko walikulisha au hawakukulisha."

Hivyo ndivyo ruhusa ilivyotoka. Neema alisimama kwanza, kama hajaelewa, kisha akakimbilia kwenye mizani akapanda, mikono imeziba uso. Watu wote wakanyamaza, wamenyoosha shingo kusikia. Bibi akasogeza chuma, akainama, akasoma vizuri. Kisha akaenda karibu na mjukuu wake, akamshika kichwa, akamnong'oneza sikioni.

Masanja aliuliza ni kilo ngapi. Bibi akamwambia akapakie mpunga.